Siku Mama wa Mwenzangu Alipombeba Mungu Wake

Kijiji chao kilikuwa na mahekalu mengi kuliko maduka. Mwenzangu alikuwa akiniambia hivyo kwa fahari, kama watu wa kwetu wanavyojisifia mashamba ya chai. Tulikuwa wauguzi katika zahanati moja ya binafsi Doha, mimi Mkenya, yeye Mhindi kutoka milima ya kaskazini. Kwa miaka kadhaa tulipanga chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura, kwenye nyumba iliyogawanywa kwa mbao hadi jirani akikohoa unajikuta ukimwambia pole. Yeye aliniita didi, yaani dada mkubwa kwa lugha yao. Mimi nilimwita dada.

Juu ya kabati lake aliweka picha ya mungu wao wa kike na taa ndogo ya samli. Mwanzoni nilikuwa nikigeuza uso. Mama yangu ni mtu wa kanisa sana. Kwetu hata kinyago cha mapambo hakikuingia sebuleni. Lakini chumba kilikuwa kidogo, na watu wawili hawawezi kuogopana kila wakiamka. Tukazoeana. Halafu hadithi zake zikaanza kunivuta.

Aliniambia kuhusu ng'ombe aliyekataa kukamuliwa nyumbani. Mwenyewe alimfuata kwa siri akamkuta amesimama juu ya jiwe, maziwa yakitiririka yenyewe. Kwa hasira akalipiga lile jiwe kwa shoka, jiwe likatoka damu. Hapo ndipo lilipojengwa hekalu la mungu wao Shiva, na kovu la shoka bado watu hulipaka samli. Aliniambia pia kuhusu miungu wawili wa kike, mtu na dada yake. Mkubwa anakaa hekalu la kileleni, mdogo, yule wa kwenye picha, anakaa hekalu la chini karibu na mto. Walikosana zamani kwa sababu ya chakula, mdogo akashuka akilia, na machozi yake ndiyo mto wenyewe. Kila mwaka mvua zikiisha, kuhani humpandisha mdogo, yaani sanamu yake, kwa machela kumsalimia dada yake. Na watu wa kijiji walishikilia neno moja: mto ni machozi yake mwenyewe, kwa hiyo hauwezi kuvuka kizingiti cha mlango wake.

Mama yake mwenzangu alikuwa mjane, akifagia ua wa lile hekalu la chini na kupika vyakula vya sadaka.

Ijumaa moja ya kiangazi, joto la Doha likiwa limefungia watu ndani, nilikuwa navaa kwenda kanisani. Huko tulisali Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Mwenzangu aliingia kutoka sebuleni akiwa na simu sikioni, uso umempauka. Kwenye televisheni alikuwa ameona milima yao. Mvua ilikuwa haijakatika, vilima vinaporomoka, na mto wao ulikuwa umebadilika rangi.

"Majirani wengi wamepanda juu," aliniambia, mkono ukifunika simu. "Mama amekataa. Amekaa ndani ya hekalu. Anasema maji hayavuki kizingiti."

Nilikaa kitandani na viatu mkononi. Alirudi kwenye simu. Sikujua lugha yao, lakini kusihi hakuhitaji mkalimani. Alisihi, akafoka, akalia. Kila baada ya maneno machache alinitafsiria.

"Anasema maji yako kwenye ngazi za ua... Anasema hawezi kumwacha mungu peke yake, ni kama kumwacha mtoto."

Nilichosema baada ya hapo sikukifikiria.

"Basi asimwache. Mwambie ampandishe kwa dada yake."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Didi, mwanamke hagusi ile sanamu. Anayeigusa ni baba mdogo, kuhani. Na baba mdogo yuko mjini, barabara imekatika."

"Kama kuhani hayupo, nani atamwokoa huyo mungu?"

Alirudi kwenye simu akaongea polepole, sauti imeshuka, kama mtu anayemwambia mzazi wake jambo la aibu. Hata mimi niliisikia mvua ikivuma ndani ya simu. Kabla mama yake hajajibu, sauti ya mashine ikatuarifu kwamba kadi imekwisha.

Nilishuka mbio hadi bakala, kile kiduka cha chini tulikonunulia mkate na kadi za simu. Pazia la chuma lilikuwa limeteremshwa. Mwenye duka alikuwa msikitini na mtaa mzima ulikuwa umefungwa. Hotuba ya Ijumaa ilitoka kwenye vipaza sauti, jua likichoma kichwa. Nikakaa kwenye ngazi nikajaribu kuomba. "Baba wa mbinguni," nilianza, nikakwama. Ningemwambia nini? Kwamba naomba amsaidie mama wa watu kubeba sanamu? Mwishowe nikasema, "Umtoe tu pale, Bwana. Utajua wewe."

Swala ilipokwisha duka likafunguliwa. Niliporudi na kadi, namba ilikuwa haipatikani. Tulipiga hadi vidole vikachoka. Siku zilizofuata tulipiga kabla ya zamu na baada ya zamu. Kazini mwenzangu alichoma sindano mkono ukiwa umetulia kabisa, lakini nyumbani hakula. Hata taa ya samli aliacha kuiwasha. Nilipomwuliza, alijibu, "Sijui mungu yuko wapi sasa. Nitaiwasha nikielekea wapi?"

Nami nilianza kuogopa kitu kingine. Je, kama yule mama alichelewa kwa sababu ya maneno yangu? Kama alikuwa anafungua vifungo vya sanamu wakati angekuwa anakimbia? Sikumwambia. Niliona naye anawaza hilohilo, kwa jinsi alivyoacha kuniita didi.

Simu ililia mchana mmoja tukiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Namba ngeni. Aliipokea, akasikiliza, akateleza chini huku mgongo ukikwaruza makabati ya chuma. Nilijua mama amekufa. Nikapiga magoti nikamshika mabega.

"Yu hai," alisema. "Didi, yu hai."

Mama alikuwa ameiondoa sanamu kwenye kiti chake, akaifunga kwa blanketi lake na kuiweka mgongoni kama anavyobeba kuni, akapanda nayo hadi hekalu la kileleni. Wengine waliokuwa wamegoma kuhama walipomwona mungu wao akiondoka, wakamfuata. Wachache walibaki, na hao hawakuonekana tena. Mto ulichukua ua wa hekalu na nyumba zote za chini.

Kizingiti nacho maji yalikivuka, yakajaza chumba cha sanamu matope.

Na hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Baadhi ya watu walisema maji yaliingia kwa sababu kiti kilikuwa kitupu. Mungu angekuwepo, yasingethubutu. Wengine walisema ni yeye mwenyewe aliyetaka kubebwa. Kuhani aliporudi, alimsafisha mungu kwa maziwa na maombi marefu, akamkataza mama, shemeji yake, kukanyaga hekaluni. Mwanamke aliyefagia pale tangu aolewe akawa anasimama nje ya lango na wageni.

Mwenzangu alipokwenda likizo, alimkuta mama yake anaishi kwa mama mkubwa, dada yake, huko juu. Alimwuliza kama anajuta. Mama akamwuliza, "Yale maneno ya kwenye simu yalikuwa yako?" Akajibu kwamba yalikuwa ya dada mmoja Mwafrika, Mkristo. Mama akasema, "Mungu wetu alikuwa mzito sana. Nilipoteleza njiani nilimgombeza, nikamwambia ajishike vizuri. Nani mwingine kijijini amewahi kumgombeza?" Akacheka, mwenzangu aliniambia, hadi akajifuta macho kwa ncha ya sari.

Lango halikufunguliwa kwa ajili yake mwaka huo. Lilifunguliwa baadaye, wale aliowatoa chini walipokataa kuingia kusali kama yeye hayumo. Alirudi na ufagio wake. Shemeji yake hakumsemesha, naye hakuonekana kujali.