Mtu wa Nyuma ya Profesa

Jina lake sikulijua wala sikulitafuta. Majina yalikuwa yakipita mwanzo wa sinema kwa maandishi ya Kijapani, na mimi hata ya Kiswahili nayasoma kwa kuyakokota. Nilimjua kwa sura: mfupi, kipara, masikio yamesimama. Nilimwona kwanza Unguja mjini, kabla ya mapinduzi, zile siku za wanawake tukienda sinema na mabuibui yetu. Wajapani walikuwa na sinema za ajabu: moto unaanguka kutoka mbinguni, ziwa linakauka, madude yanatoka ardhini. Wenzangu wakitazama madude. Mimi nikimtazama yeye, kwa sababu wakubwa wote wamekaa mezani wanabishana dunia itakwisha vipi, na yeye ndiye anayebeba sanduku la profesa, anayeshika simu, anayefunga mlango. Sinema hii polisi, ile mpiga picha, nyengine kavishwa nguo ya fedha, eti katoka sayari ya mbali. Sura ile ile. Hapewi zaidi ya maneno mawili, kisha ukuta unamwangukia.

Ibra, huku Omani, nilikuja na mume wangu miaka ya sabini, kwao. Miaka ya themanini mwanangu, aliyekuwa akifanya kazi Nizwa, akaniletea video na kaseti tatu. Moja ilikuwa ile ya ziwa. Wanawake wenzangu waliotoka Unguja na Pemba wakawa wanakuja baada ya alasiri, tunakunywa kahawa, tunakula halua, na mimi ndiye ninayewahadithia, maana maandishi ya chini yalikuwa ya Kiarabu na yanakimbia. Akitokea yule mtu walinitania.

"Bibi, mumeo huyo kaingia. Hata karibu humwambii?"

"Mwacheni, ana kazi."

Mume wangu akisikia mlangoni, husema, "Kwa kipara hajanifikia," akaenda zake msikitini.

Kisha mume wangu akafa, nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi hutoki, wala haonani nawe mwanamume anayeweza kukuoa. Mwezi wa kwanza video niliifunika kitambaa. Mwezi wa pili nikaiwasha, na sioni haya kulisema. Nyumba ilikuwa kimya mno. Wanawake wakarudi, na mzaha wao ukarudi. Siku hiyo wifi yangu alikuwapo. Hakucheka. Aliupeleka mzaha kwa kaka yake kama ulivyo, bila ya kicheko chake.

Nieleze jambo moja. Tangu siku ya tatu ya msiba shemegi na wifi walitaka nihamie kwao, nyumba yangu ifungwe. Nilikataa. Sasa walikuwa wamepata sababu.

Shemegi alikuja na dada yake, wifi yule yule, baada ya alasiri. Walikaa ukumbini, mimi nikakaa chumbani, nyuma ya pazia.

"Shemegi," akasema, "nimesikia humu mna mwanamume."

"Yumo. Yumo ndani ya kaseti."

"Usinifanyie mzaha. Ndugu yangu hata miezi miwili hajamaliza kaburini, na wewe unaitwa mke wa Mjapani. Kesho nitaleta gari. Eda utaimalizia kwetu, tukuone."

"Eda inakaliwa nyumba aliyonifia mume. Wewe umesoma, unalijua hilo kuliko mimi. Sitoki."

"Nyumba yenyewe imekuwa sinema."

"Basi itazame hiyo sinema. Wifi, kaseti imo, bonyeza."

Nilidhani atakataa. Nikasikia video inanguruma. Pazia lilikuwa zito na sikulisogeza hata kidogo, lakini sinema ile naijua kwa masikio. Profesa akakohoa. King'ora kikalia.

"Sasa," nikasema. "Mlango wa kushoto. Kabeba sanduku."

Nikasikia kiti kinasogezwa.

"Huyu?" akauliza shemegi.

"Huyo."

"Huyu mwenye kipara?"

"Mtazame upesi, maana hakai."

"Kesha kwenda," akasema wifi.

"Atarudi. King'ora kikilia mara ya pili, yuko kwenye simu."

Kikalia. "Yupo," akasema wifi, taratibu, kama aliyesahau kwamba amekuja na hasira. Kisha ukaja ule mshindo.

"Kafa?" akauliza shemegi.

"Kafa. Ndiyo keshamaliza kazi yake."

Akasema, "Umemkariri mtu huyu."

"Nimemkariri, naam. Na nduguyo alijua, na alikuwa akisimama hapo mlangoni akimcheka. Sasa nenda sabla, wanakokaa wanaume, uwaambie kwamba mjane wa nduguyo umemtoa katika eda kwa sababu ya mtu huyu. Wakikuuliza yukoje, waeleze."

Nilimsikia akivaa viatu.

"Hao wanawake waache maneno yao," akasema.

"Wanaongea nyumbani kwangu. Na gari usilete."

Aliondoka bila ya kunywa kahawa. Wifi alibaki mpaka sinema ikaisha, akaniuliza kupitia pazia kama yale maji ya ziwa yalirudi kwa dua au kwa mashine. Nikamwambia kwa mashine. Akasema alidhani hivyo.

Mwanangu aliposikia, alinilaumu. Ningejishusha kidogo, alisema, ningeeleza tu kwamba ulikuwa mzaha. Ulikuwa mzaha, na wote wawili walijua. Mtu aliyekuja kukutoa nyumbani kwako hakuja kuelezwa mzaha. Ningeanza kujieleza siku ile, ningekuwa najieleza mpaka leo, tena ndani ya chumba kimoja cha uani kwao.

Kesho yake gari halikuja. Nilikaa miezi yangu minne na siku kumi pale pale, video ikiwaka kila alasiri isipokuwa Ijumaa. Siku ya kutoka nilikoga, nikavaa, wanawake wakanijia na udi. Wifi alitaka kunishika mkono anitoe. Nikamwambia najua mlango uliko, nikaufungua mwenyewe.