Kambale Mwenye Kolesteroli

Nakiri kosa langu, lakini sikubali kwamba nilifundisha uongo.

Nimesomea lishe chuoni. Mwezi uliopita nilimpeleka baba kupima kolesteroli, nami nikapimwa pamoja naye ili asiogope sindano. Karatasi ya kwanza kutoka maabara ilisema: Kambale, kolesteroli imepanda. Kwetu Wanande, mtoto wa pili wa kiume huitwa Kambale. Baba ni Kambale, nami ni Kambale. Kwa kuwa mimi ni kijana tena mwembamba, sikuuliza ni yupi, sikutazama umri, wala sikungoja karatasi ya pili.

Nikayafungia mawese kabatini. Baba akala sombe, majani ya muhogo, isiyo na mafuta, na maharagwe badala ya nyama ya nguruwe. Kila alfajiri nikamtembeza hadi ziwani Keshero, nikimhubiria juu ya usingizi na utulivu wa moyo. Mchana mimi, mzima wa afya, nilikula brosheti, mishikaki ya mbuzi, mtaani Birere.

Jumapili, mashangazi wakiwa wageni wetu mezani, baba akatoa karatasi ya pili, aliyoifuata mwenyewe maabara.

“Dokta yangu, soma kwa sauti.”

Nikasoma: Kambale, miaka sitini na miwili, kila kitu sawa.

“Sasa mugonjwa ni nani?” akauliza mama, huku mashangazi wakicheka.

Sikuinamisha kichwa. “Dawa ni ileile, papa. Mugonjwa tu njo amebadilika.”

Baba akasukuma sahani yake ya maharagwe mbele yangu.

“Basi kula, Kambale. Kesho asubui ni mimi nitakuamusha.”