Nyama ya Kondoo Isiyoonjwa

Thanasis Vrettos, Mgiriki mwenye mkahawa mjini Silver Spring, Marekani, alikuwa na kanuni moja jikoni mwake: chungu kisichoonjwa hakitoki. Aliishika tangu 1984, alipofungua biashara yake baada ya miaka kumi na mitano ya kuosha vyombo na kuchoma nyama kwenye hoteli za watu. Nilimheshimu kwa hilo. Ndiyo maana yaliyotokea mwaka jana, 1998, bado yananikera.

Thanasis ni Mwothodoksi, na Kwaresima yao si mchezo: hakuna nyama, maziwa wala yai. Lakini wateja hawafungi, na kondoo huendelea kupikwa. Basi kila Kwaresima kazi ya kuonja alimwachia msaidizi wake Chelagat, Mkenya tunayesali naye kanisa moja. Asubuhi bosi alitia chumvi kidogo kwa kukadiria. Saa nne Chelagat alionja na kurekebisha. Miaka sita mpango huo haukuharibika.

Mwaka ule mwenye jengo jipya Germantown alikuwa akitafuta mkahawa wa kuweka ghorofa ya chini. Thanasis aliitaka nafasi ile mno. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na mkahawa wake haukuwa na pa kuongeza hata kiti. Mwenye jengo akasema atakuja Alhamisi mchana, ale kwanza ndipo aamue.

Wiki hiyohiyo kanisa letu likatangaza mfungo wa siku saba, bila kula wala kunywa hadi jioni. Chelagat akafunga, akaenda kazini, hakumwambia mtu. Nilipomwuliza baadaye kwa nini, alinijibu, "Mwalimu, Bwana alisema ukifunga usijionyeshe." Kana kwamba kumwambia bosi wako huwezi kuonja mchuzi ni kupiga tarumbeta barabarani!

Alhamisi, saa nne, Chelagat alifunua chungu, akanusa, akadhani bosi ametia chumvi kidogo kama kawaida, akaongeza. Lakini kwa wasiwasi wa mgeni, siku hiyo bosi alikuwa ametia ya kutosha. Alimwona Chelagat amesimama na kijiko mkononi, akaridhika. Hakumwuliza ladha ikoje. Na Cyriaque, Mkongo aliyeosha vyombo na kupeleka maji mezani, alikuwa hatua tatu kutoka pale, hajafunga chochote, wala hakuna aliyemwonjesha!

Mgeni alikula vijiko viwili. Cyriaque akarudi na jagi tupu.

"Mama Chelagat, ule muzee anaomba mayi mara ya tatu. Ngamia iko afazali!"

Thanasis akageuka. "Anasema nini?"

"Anasema mgeni ana kiu, Bosi."

"Si ulionja?"

"Nimefunga."

"Umefunga? Kwaresima ni yangu, Chela! Hiyo yako umeitoa wapi?"

"Basi ungeonja wewe!"

"Mimi? Nyama? Wiki ya nne?"

Walibishana hivyo, wacha Mungu wawili, huku mgeni akivaa koti. Thanasis alimkimbilia, akaomba ampikie upya. Mgeni akasema ana kikao saa nane.

Wiki mbili baadaye nafasi ile alipewa mpishi mwingine. Chungu kimoja kilimgharimu Thanasis mkahawa wa pili, na mpaka leo hajapata nafasi nyingine.