Alisema Ana Cold

Kila nikiponda tangawizi, harufu yake hunirudisha kwenye asubuhi moja ya Julai, nikiwa msichana mdogo. Mama alinitoa mtaani kwetu Kawangware tukatembea kwenye ukungu hadi kwenye nyumba za matajiri, kutafuta kazi ya kufua. Mageti mengi hayakufunguliwa. Kwenye nyumba ya mwisho alitoka mama mgeni wa kutoka ng'ambo, amejifunga shali, macho mekundu. Kiswahili hakujua. Alisema tu kwa Kiingereza kwamba ana "cold", akaanza kufunga mlango.

"Anasema nini?" Mama akaniuliza.

"Ako na baridi," nikajibu kwa fahari. Neno hilo nilikuwa nimelipatia tiki shuleni.

"Basi tumpikie chai."

Mama akavua sweta yake, ikiwa bado na joto la mwili, akamvika yule mgeni mabegani, kisha akapita hadi jikoni. Akapata tangawizi kwenye kikapu cha vitunguu, akaiponda kwa kitako cha glasi. Mgeni alibaki ameduwaa, lakini chai alikunywa. Akapiga chafya, akapenga kamasi, akavuta pumzi ndefu. Halafu akacheka, akagusa pua yake na kuniambia, "Cold."

Ndipo nikaelewa. Nikamnong'onezea Mama kwamba nimekosea, kumbe neno hilo pia ni homa ya mafua.

"Hujakosea," Mama akasema, akikunja mikono ya gauni. "Dawa si ni ile ile? Muulize nguo ziko wapi."

Alifua katika nyumba hiyo hadi nikamaliza shule.