Kitabu Kisicho na Maswali

Juzi nilimkuta mtoto wa jirani amelala juu ya kitabu cha picha, kidole chake kikiwa bado kwenye mguu wa tembo. Nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa mchonga vinyago. Alasiri moja, nilipokuwa mdogo, alirudi nyumbani kwetu Dandora akinukia vumbi la mbao na rangi ya viatu aliyong'arishia wanyama wake, akatoa kitabu mfukoni.

"Njoo, mama," aliniita, kwa kuwa nilipewa jina la mamake. "Tazama huyu tembo. Mguu wa nyuma unajikunja kama wa mtu. Aliyemchora alimwona kwa macho yake. Kaa hapa tusome."

Nilifungua ukurasa wa mwisho kwanza. Vitabu vyetu vyote vya shule viliishia kwa maswali. Hiki kilikuwa na picha tupu.

"Baba, hiki si kitabu. Hakina maswali. Tutasoma nini?"

Dada zangu wakacheka. "Mwalimu amesema!"

Baba hakucheka. Alikipangusa kwa kiganja, akakirudisha kwenye mfuko wa patasi, na sikukiona tena.

Nilidhani alikosea kuchagua. Sikujua kwamba baba hakuwahi kufundishwa kusoma, na kwamba alizunguka mjini siku nzima akitafuta kitabu ambacho angeweza kunisomea.