Ugali wa Kukatwa kwa Uzi

Ijumaa moja, mtaa wa Sharafiya, Jeddah, nilipita mbele ya mkahawa wa Wakenya nikasikia harufu ya ukoko wa ugali. Nikasimama, mama mzima mwenye wajukuu, machozi yananitoka. Na mimi si mtu wa kulia. Shule niliishia darasa la tatu, lakini nyumba yangu ya matofali nimeijenga mwenyewe. Hakuna mwanamume aliyenipa hata msumari. Harufu ile ilinirudisha kwetu ziwani, kwenye jiko la Sista Agnese, mtawa wa shule yetu.

Sista alikuwa Mwitaliano, na kwao kulikuwa kijiji kidogo cha mawe kando ya ziwa, kama chetu. Kila mwaka, siku ya mtakatifu wa kijiji chao, alisonga ugali wa manjano hadi jasho likamdondoka puani, kisha akaumwaga juu ya ubao. Kisu hakugusa. Alipitisha uzi wa kushonea chini ya ugali, akauvuta juu, kipande kikakatika. Tulicheka hadi tukakaa chini. Nani amewahi kukata ugali kwa uzi?

Kwao, alituambia, siku hiyo kijiji kizima hula sufuria moja. Basi alikata vipande kwa idadi ya watu waliobaki kule, kama alivyoandikiwa na dada yake, na kila mtoto akala kwa jina la mmoja wao. Mwaka mmoja nilikuwa Pietro fundi viatu. Uliofuata, bibi kipofu Marta. Tuliitana majina hayo wiki nzima.

Ila vipande vilizidi kupungua. Zamani, alisema, wanaume walikwenda kujengea watu nyumba ng'ambo ya milima, wakarudi wakati wa baridi. Baadaye wakawa hawarudi, wakawaita na wake zao. Mwaka wangu wa mwisho shuleni vipande vilikuwa tisa, na mimi nikakosa.

"Sista, wewe mchoyo," nikamwambia. "Ongeza. Unga si upo?"

"Unga upo, mwanangu. Watu hawapo."

"Watu huisha vipi? Kwani wao ni sukari?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Sista akaufuta ubao kwa aproni, polepole, akaingia ndani akafunga mlango. Hakupika tena. Mama alinichapa, akasema nyumba husimama kwa watu, si kwa mawe. Nilisikia fimbo tu.

Miaka ya elfu mbili na kumi, mawakala wa kazi za Uarabuni walipofika kwetu, nilikuwa wa kwanza kwenda. Nilipika kwa madam mmoja Sulimaniyah, Riyadh, hadi familia ile ikahamia Jeddah nami nikafuata. Huku nyuma, bati langu likimeta kijijini, nilikuwa nikipiga simu: yalla, njooni. Wakaja mabinti, wakaja vijana kuwa madereva na walinzi, kisha wake zao. Nilijisifu kwamba nimekiokoa kijiji.

Wiki moja kabla ya Ijumaa ile, mama alifariki. Kafili, yaani mwajiri anayeshika pasipoti yangu, akasema safari mafi, hakuna, halas. Binamu yangu Okello, aliyebaki nyumbani kwa sababu ya mguu mbovu, akanipigia.

"Dada, tumemzika."

"Akina nani walichimba?" Kwetu kaburi huchimbwa na vijana wa kijiji. Kumlipa mgeni ashike jembe lile ni aibu.

"Tulikodi watu wa ng'ambo ya kilima. Vijana wote si wako huko kwako?"

Basi Ijumaa ile niliingia mkahawani. Vijana wa kijiji chetu walijaa meza mbili. Niliagiza ugali mkubwa, nikatoa uzi pochini, nikaanza kukata nikitaja waliobaki nyumbani. Okello. Katekista. Bibi Adongo. Wakacheka kama tulivyocheka sisi. Nusu ya ugali ilikuwa bado nzima nilipoishiwa majina.

"Mama, mbona watubania?" akauliza mmoja aliyekosa. "Ugali si huo hapo?"

Ndipo nilipojua kwa nini Sista alifunga mlango. Lakini yeye hakuwaita watu wake waondoke. Niliowaita mimi walikuwa wamenizunguka, sahani mikononi, wakingoja niongeze.