Zizi Likiwa Katikati

Dada yangu Tulinagwe ni daktari, lakini usimpelekee mtoto mwenye homa. Anafundisha jiometria ya kompyuta chuo kikuu, Dar es Salaam. Yaani anaifundisha mashine kupima maumbo na kutafuta njia ya kupita bila kugonga kitu. Kufikia mwaka juzi alikuwa ameandika makala kumi na nne kwa miaka kumi na minane. Msomi akitumia kazi yako hulitaja jina lako katika kazi yake, na huko chuoni mtu hupimwa kwa kutajwa. Makala kumi na tatu za dada zilikuwa zimetajwa kwa kudonoadonoa, mara mbili hii, mara tano ile. Moja tu ilikuwa imetajwa mara sitini na moja, na ndiyo iliyompa jina.

Hiyo moja inahusu watu wawili wanaotembea katika uwanja mmoja bila kuonana hata mara moja. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, mimi mwalimu wa darasa la tatu hapa Ngonga. Nilijua ilikotoka.

Ilitoka kwa mama yetu, Kisa. Aliolewa enzi ambazo mke wa Kinyakyusa hakuruhusiwa kukutana na baba mkwe wake, wala kulitamka jina lake. Aliishi uwanja mmoja na babu miaka ishirini na mitatu, akichota maji, akianika kakao, akibeba kuni, na hawakuwahi kutazamana. Sisi wadogo tulimshika kanga, naye akatuongoza: "Msimtazame babu, tazameni zizi. Zizi likiwa katikati, popote aendapo tutajua pa kupita." Dada alikuja kulithibitisha hilo kwa kurasa ishirini na mbili. Na kwa kuwa huandika kwa jina la babu, T. Andongwisye, mama hajawahi kulitamka jina kamili la binti yake mwenyewe.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, dada alikuja likizo. Mama alikuwa barazani anapepeta mchele.

"Mwanangu, hao wenzako wamekutaja mara ngapi?"

"Sitini na moja, mama. Kwa ile ya njia za kutoonana."

"Ndaga fijo," mama akamshukuru Mungu. "Na wewe, mle ndani ulimtaja nani?"

Dada akanitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyeulizwa. Halafu akasema ukweli, maana kudanganya hajui. Alimtaja profesa wake. Aliwataja waliomtangulia, watu ishirini na saba. Alimshukuru hata fundi wa kompyuta.

Mama akapuliza makapi. "Kumbe unaniheshimu hivyo! Mimi pia, niliyemheshimu kuliko wote ndiye nisiyemtaja."

Alisema kwa utani na ungo haukusimama. Lakini ninayeishi naye ni mimi, na niliona kwamba ule mchele ulikuwa umeshakuwa safi kitambo. Tulipoingia jikoni nikamwambia dada bila kumung'unya maneno, "Umemwibia mama."

Akalia. "Niliogopa, Doreen. Nilikuwa mwanafunzi, mwanamke peke yangu mle darasani. Nilidhani watanicheka nikisema hesabu hii nimeitoa nyuma ya migomba."

Sikumbembeleza siku ile, na hadi leo najilaumu kidogo.

Aliporudi Dar akaandika makala ya kumi na tano, ya kuendeleza ileile. Kwenye orodha ya vyanzo, ukurasa wa mwisho, akaweka mstari mmoja: Kisa Mwakalobo, mazungumzo, Ngonga, Kyela. Mhariri akamwandikia aufute, kwamba mazungumzo ya nyumbani si chanzo. Dada akakataa. Wakabishana miezi saba, na katika miezi hiyo nafasi ya uprofesa aliyokuwa anaiombea, iliyohitaji makala moja tu zaidi, ikaenda kwa mwingine. Nilimpigia simu nikamsihi aufute tu, mama hatajua. "Mimi nitajua," akasema. Hapo ndipo nilipomsamehe.

Makala ilitoka na mstari wake. Dada akatoa nakala ya karatasi na kuja nayo mwenyewe, akampa mama mkononi.

Mama aliishia darasa la nne. Akavaa miwani. Ukurasa wa kwanza alilifunika jina la babu kwa kidole gumba, kama afanyavyo siku zote kwa karatasi za dada. Akafunua michoro taratibu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka wa mwisho, na dada akamwonyesha mahali.

"Ki-sa," mama akasoma. "Mwa-ka-lo-bo."

Alisoma mara tatu. Machozi yalimdondoka kwenye miwani na hakuyafuta. Kisha akarudi mwanzo, akaenda tena mwisho, akipima unene wa karatasi zilizo katikati.

"Yeye wa kwanza, mimi wa mwisho," akasema. "Na katikati umejaza mazizi. Umetupanga vizuri, mwanangu. Hatuonani."